Glavu ya Saa Saba Mchana

Boksi lilikuwa jipya kabisa. Zefania mwenyewe ndiye aliyelichana, akachomoa glavu ya kwanza, akaingiza mkono wa kulia, na ndani mlikuwa na joto.

Joto la Same tunalijua, linachoma mpaka vitasa vya milango. Hili halikuwa hilo. Lilikuwa joto la unyevunyevu, la glavu ambayo mtu ameivaa tangu asubuhi, akaifanyia kazi, akaivua sasa hivi tu. Zefania aliichomoa haraka, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kidole kidogo cha glavu kilikuwa kimepinda kwa ndani. Alikinyoosha. Kikarudi kulekule kupinda.

"Salha," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu shika hii."

Salha, mtaalamu mwenzake wa maabara, alikuwa anafunga vifungo vya koti lake. Aliipokea glavu, akaigeuzageuza.

"Ina nini?"

"Huoni ina joto?"

"Zefa, leo umekunywa chai kweli?" Salha alicheka. "Ya baridi hii. Vaa, tufanye kazi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kamili mchana. Zefania hakucheka. Katika jengo lile alimjua mtu mmoja tu mwenye kidole kidogo kilichopinda namna ile, na mtu huyo walikuwa wamemzika Myamba wiki nne zilizopita.

Tumwache hapo ameduwaa, niwaeleze alichokifanya, maana msije mkaanza kumwonea huruma mapema.

Kituo kile cha utafiti kiko nje kidogo ya mji, upande wa tambarare, na kazi yake ni kuchunguza magonjwa ya mifugo. Ng'ombe wa wafugaji wa kule Kwakoa wakianguka ghafla, damu nyeusi ikawatoka puani, sampuli huletwa pale, na mara nyingi jibu ni kimeta. Kimeta si mdudu wa mchezo. Ukimmwagia jiki kidogo anakucheka, ukimwanika juani anasinzia tu. Kinachomuua sawasawa ni mvuke mkali uliofungiwa ndani ya ile mashine wanayoiita otoklevu, sufuria kubwa la chuma lenye mlango wa kukaza kwa gurudumu. Kila mfuko wa taka hufungwa kwa utepe maalumu wenye michirizi ya mshazari. Ukiingia otoklevu michirizi ni myeupe. Ukitoka ikiwa myeusi, mfuko umepikwa, hata mtoto anaweza kuubeba.

Basi Alhamisi moja, saa saba mchana, umeme ulikatika mashine ikiwa ndiyo kwanza inaanza kupata moto. Jenereta lilikuwa bovu. Sheria ilibandikwa ukutani kwa maandishi makubwa: mfuko ambao haujapikwa haukanyagi upande safi, unasubiri umeme, unaanza upya, hata kama ni kesho. Lakini Zefania alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mdogo wake, na kikao kilikuwa Mwanga saa tisa. Alitazama mlangoni, hakuona mtu. Akatoa kiberiti cha gesi mfukoni, akaupitisha mwali chini ya utepe, mchirizi mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu wa fundi, mpaka yote ikawa myeusi. Harufu ya gundi iliyoungua ilijaa chumbani. Kwenye daftari aliandika: Imepikwa, dakika sitini. Akasaini. Akauweka mfuko upande safi, akaenda kikaoni, na wanasema siku hiyo alichangamka sana.

Asubuhi yake Veneranda, mfanya usafi, aliubeba mfuko ule kwa mikono mitupu, kama alivyoruhusiwa kuibeba iliyopikwa. Aliuona utepe mweusi, akauamini. Kioo chembamba cha darubini kilichovunjika ndani ya mfuko kikamchoma kidole cha shahada. Siku ya tisa akafa, mkono umevimba hadi begani, na kidoleni kidonda cheusi kama kaa.

Uchunguzi ulifanyika. Daftari lilikuwa safi, utepe mweusi. Daktari Raymond, mkuu wa kituo, akaandika kwenye ripoti kwamba inawezekana marehemu alikula au aligusa nyama ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa. Kwa lugha ya watu, Veneranda alikula kibudu. Zefania alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwa Daktari, na alinyamaza kimya.

Na kuna jambo la pili alilolifanya, baya kuliko hilo la kiberiti. Hilo alikuwa hauambii hata moyo wake. Tutalifikia.

Neno kibudu lilipanda mlima kabla ya jeneza. Walipofika Myamba kuzika, makande yalikuwa yamejaa masufuria na hakuna aliyeyagusa. Nani ale msiba wa mla kibudu? Majirani walisimama mbali, kwenye kingo za mashamba ya tangawizi, mikono nyuma. Waliobeba jeneza waligawiwa glavu na bwana afya, na Zefania alikuwa mmoja wao.

Mama wa marehemu, Bibi Namkunda, hakulia. Baada ya mazishi aliingia ndani akatoka na chungu cheusi cha kale, akakiweka juu ya jiwe.

"Mwanangu hajala kibudu," alisema. "Namjua. Huyu alikuwa ananawa mpaka sabuni inaona aibu. Sasa ninyi mliofanya naye kazi, njooni. Kila mmoja aweke mkono wake hapa, aseme: kama nina mkono katika kifo cha huyu, kinirudie kwa mkono huu."

Jamani, Zefania ni Mpare wa Msangeni. Chungu anakijua tangu akiwa mtoto. Alikua akionyeshwa boma ambalo wenyewe wote waliisha, mmoja mmoja, baada ya chungu kuvunjwa. Asiyeamini angekishika bila wasiwasi. Yeye aliamini, na kwa kuwa aliamini alitafuta ujanja. Salha alishika kwa mkono mtupu. Daktari Raymond, japo ni mtu wa mbali na mila hizo, alishika kwa mkono mtupu. Zefania alijifanya amesahau kuvua, akaweka mkono wenye glavu. Kichwani alijiambia kwamba alichofundishwa darasani ni kweli: kilichoko upande wa nje wa glavu hakikufikii. Akayasema maneno yote bila kukosea hata moja.

Bibi Namkunda aliutazama ule mkono kwa muda. Kisha akakipiga chungu juu ya jiwe, kikavunjika vipande vipande.

Turudi kwenye glavu.

Siku ya pili, saa saba mchana, Zefania alisikia mabuti ya mpira yakiburuzwa kwenye korido, kwapu, kwapu, kwapu, mabuti makubwa kuliko miguu ya mwenyewe. Alijua ni nani aliyekuwa anavaa namba tisa kwa sababu namba saba zilikuwa zimekwisha stoo. Alichungulia. Korido ilikuwa tupu, sakafu ina unyevu kama imepigwa deki sasa hivi, na hewani ilikuwapo harufu ya gundi iliyoungua.

"Nani amepiga deki?" aliuliza.

"Hakuna," Salha alimjibu. "Tangu Vene afe hatujapata mtu. Kwani hujui?"

Siku ya tatu alijaribu kutovaa glavu ya kwanza. Aliitupa, akachukua ya pili. Nayo ilikuwa na joto. Akachukua ya kumi. Sasa ndani kulikuwa na jasho. Kazi ilikuwa inamsubiri, Salha alikuwa anamtazama, na hakuna mwendawazimu anayeshika kimeta kwa mkono mtupu. Akavaa. Akakaa mbele ya kabati la usalama, akaingiza mikono chini ya kioo ambako hewa huvutwa ndani kwa mngurumo, akachukua kichupa cha damu.

Hapo ndipo alipohisi kwamba ndani ya ile glavu ya kulia hayumo peke yake, kwamba kati ya kidole chake na kidole chake kuna kidole kingine, chembamba, chenye joto, kinachojipenyeza taratibu kama mtu anayetafuta nafasi kwenye kiti kilichokwisha kaliwa, na kingine, na kingine, mpaka vikawa vitano, na cha mwisho, kidogo, kikajikunja kwa ndani, na mkono ule mzima ukamfumbata kwa ndani ya mpira, ukambana, ukaanza kumsukuma kidole cha shahada polepole kuelekea kwenye kioo kilichovunjika ambacho yeye hakukiweka pale na wala hakikuwapo dakika moja iliyopita.

Alipiga kelele. Kichupa kikadondoka ndani ya kabati. Salha alimvuta bega, akamwaga dawa, akafanya yote yanayotakiwa kufanywa, kisha akamtoa nje.

"Umechomwa?"

"Sijui."

"Vua nione."

Glavu haikutoboka popote. Lakini kidole cha shahada kilikuwa na kialama kidogo, chekundu, kama cha kuumwa na mbu.

Kesho yake kialama kikawa kidonda kisichouma. Keshokutwa katikati pakawa peusi. Salha alichukua sampuli mara mbili, akapima mara mbili, na usiku huo hakulala kwa mawazo. Hakukuwa na kimeta. Hakukuwa na mdudu wa aina yoyote. Zefania alimeza dawa zote za kimeta kwa kipimo chake, na weusi ukazidi kupanda, si kama kidonda kinavyosambaa, bali kwa michirizi ya mshazari iliyonyooka, mmoja juu ya mwingine, kuelekea kwenye kiwiko cha mkono.

"Zefa," Salha alinong'ona, "mbona inafanana na utepe?"

Zefania alikuwa anaogopa sasa. Hakuwa anaogopa kufukuzwa kazi. Alikuwa anaogopa kuiona michirizi ikifika begani, pale uvimbe ulipokuwa umefika kwa Veneranda siku ya tisa.

Jioni alikwenda mjini kwa Mzee Iddi, yule ambaye watu husema hata majini humwamkia. Mzee alifukiza ubani, akaushika ule mkono, akaunusa, akauachia kwa upole.

"Ulishika chungu cha watu?"

"Nilishika, mzee. Lakini nilikuwa nimevaa glavu."

"Kumbe!" Mzee Iddi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ulitaka kiapo kishike mpira, wewe kikuache. Sasa sikiliza. Lingekuwa jini ningeliuliza linataka nini, likaniambia, tukaelewana, likaenda zake. Huyu si jini. Huyu ni mwenye haki yake, na mimi mwenye haki simfukuzi."

"Nitakufa, mzee."

"Nenda kwa aliyekivunja. Umwambie yote. Umenisikia? Nimesema yote."

Alipaswa kwenda Myamba asubuhi iliyofuata. Hakwenda. Alijiambia kesho, na kesho yake akasema keshokutwa, mpaka Bibi Namkunda akashuka mwenyewe. Ilikuwa siku ya arobaini, na alikuja kuchukua vitu vya mwanawe vilivyobaki kituoni: kanga mbili, kikombe cha bati na yale mabuti.

Zefania alikuwa maabara aliposikia amefika. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika tano. Alivua glavu ya kushoto. Ya kulia ikagoma. Aliivuta kwenye vidole, ikanyooka na kurudi. Alitafuta ukingo wake ili aikunjue, akapapasa kifundo cha mkono chote kuzunguka, na ukingo haukuwapo. Mpira wa buluu ulikuwa unaishia ndani ya ngozi yake bila mpaka wowote.

Alikwenda hivyohivyo kwenye chumba cha mikutano. Daktari Raymond alikuwa amesimama, Salha yuko dirishani, na mama amekaa na mabuti mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi Namkunda alitazama mkono aliopewa, hakuupokea. "Mbona unanipa tena wenye glavu?"

Kwa hiyo alikuwa anajua. Zefania akaanguka mbele ya mabuti yale, na maneno yakamtoka: umeme, kiberiti, utepe, kikao cha harusi, saini. Hakulaumu mashine, hakulaumu mtu. Alilia hadi kamasi.

"Unasema nini wewe?" Daktari Raymond alifoka. "Mimi nimeandika ripoti! Nimempaka marehemu kinyesi kwa saini yako?"

Salha alikimbia, akaleta daftari la otoklevu, akalifungua kwenye tarehe ile. Saini ilikuwapo.

Bibi Namkunda alingoja mpaka chumba kikatulia.

"Umemaliza?"

Zefania alifuta machozi kwa mkono wa kushoto. Alimkumbuka Mzee Iddi. Alilikumbuka na lile la pili. Akajiambia kwamba haya yametosha, kwamba lile wanalijua watu wawili tu, na mmoja yuko kaburini.

"Nimemaliza, mama."

Hapo saa ikagonga saba. Umeme ukakatika, feni ikazunguka mara mbili tatu ikasimama, na ile harufu ya gundi iliyoungua ikaingia chumbani. Mkono wa kulia wa Zefania uliinuka. Haukuinuliwa na yeye. Yeye alikuwa anauvuta chini kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zake zote, na ukamburuza mwili mzima kutoka sakafuni kama mtu anayevutwa na ndama mkaidi, ukamfikisha mezani, ukaokota kalamu ya Daktari, ukaliweka daftari sawasawa, na ukaanza kuandika kwa herufi kubwakubwa, pole pole, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba na ambaye kila Ijumaa alikuwa anaandika kwenye karatasi ya stoo, sabuni imekwisha, jiki imekwisha.

Salha alisogea. Alisoma kwa sauti.

"Nilimwonyesha kaka Zefa kidole siku ya tatu. Alikiangalia sana. Alijua. Aliniambia ni jipu, nipake mafuta, nisiende hospitali kusumbua watu. Nikapaka."

Hilo ndilo lilikuwa jambo la pili. Siku ya tatu dawa za kawaida zingemponya Veneranda, na Zefania alilijua hilo kuliko mtu yeyote mkoani. Lakini kama angesema ni kimeta, wangeuliza amekipata wapi. Kwa hiyo alimwacha apake mafuta.

Kalamu ilianguka. Bibi Namkunda aliyaweka mabuti chini, akauchukua ule mkono wa buluu kwa mikono yake miwili. Alipapasa vidole kimoja kimoja, mpaka akafika kwenye kile kidogo, kilichopinda. Uso ambao haukulia kaburini ukabomoka.

"Vene," alisema. "Una joto, mwanangu."

Mkono ukamfumbata.

"Nimekusikia. Na hawa wamekusikia. Basi inatosha, twende nyumbani."

Glavu ilivuka yenyewe, nyepesi, ikabaki mikononi mwa mama. Ndani yake ulitokea mkono wa Zefania, mweusi kutoka kucha hadi kifundoni, mkavu kama kuni, na hausikii chochote. Mama hakuutazama mara ya pili. Aliikunja glavu ndani ya kanga ya mwanawe, akabeba mabuti, akatoka nje.

Mkono ule ulikatwa hospitalini wiki hiyohiyo. Daktari Raymond aliandika ripoti upya kwa jina lake, akaipeleka Myamba mwenyewe, akaisoma mbele ya watu, na safari hii makande yaliliwa mpaka ukoko, majirani wakiwa wameinamisha nyuso. Zefania anasubiri kesi yake. Michirizi ilikomea pale palipokatwa, na kila mtu anamwambia ashukuru Mungu kwa kubaki hai.

Madaktari walimwonya kwamba mtu aliyekatwa mkono anaweza kuendelea kuusikia. Ni mishipa tu, walisema, itazoea. Zefania ni mtu wa maabara na alielewa maelezo hayo vizuri.

Lakini kila siku saa saba mchana anaacha anachokifanya na kukaa chini, jasho likimtiririka. Ule mkono ambao haupo unashikwa na mtu. Kidole cha shahada kinanyooshwa, kinageuzwa kwenye mwanga, kinaangaliwa sana. Kisha mtu huyo anaanza kukipaka mafuta, taratibu, kama alivyoagizwa.